Nairobi: jengo la chama lililorudi kwa wananchi

Wakongomani wanaoishi Nairobi wanabeba picha ya jengo moja mfukoni kila siku. Noti zote za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zinaonyesha KICC, ule mnara wa mviringo ulio katikati ya muji. Wengi wanalijua kama jumba la mikutano. Wachache wanakumbuka kwamba lilianza kama makao makuu ya chama cha siasa.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na chama cha KANU cha Raisi Jomo Kenyatta kikataka makao yake. Ramani ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway pamoja na Mkenya David Mutiso. Wote wawili walikuwa watumishi wa wizara ya ujenzi. Hivyo, tangu mstari wa kwanza wa ramani, mambo ya chama na ya serikali yalichanganyika.

Ujenzi ulianza mwaka 1967, na mpango wa kwanza ulikuwa mdogo. Halafu Nairobi ikachaguliwa kupokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF, mwezi wa tisa mwaka 1973. Jengo likapanuliwa, mnara ukapanda mpaka gorofa 28, urefu wa zaidi ya mita 100. Ni jengo la kisasa, la saruji isiyofichwa, yenye rangi ya udongo mwekundu. Hakuna nguzo wala mapambo ya majumba ya wakoloni. Pembeni ya mnara kuna ukumbi wenye paa lililochongoka kama nyumba ya kijijini, mahali wazee wanapokaa kuzungumza.

Wakongomani wanaelewa vizuri kilichofuata. Mwaka ule ule wa 1967, Mobutu aliunda MPR, na baadaye kila aliyezaliwa Zaire alihesabiwa kuwa mwanachama. Kenya nayo, mwaka 1982, sheria ilifanya KANU kuwa chama pekee. Wakati chama ni serikali, nani atauliza jengo ni la nani?

Swali hilo lilipata jibu baada ya uchaguzi. Mwezi wa kumi na mbili 2002 KANU ilishindwa, baada ya kutawala karibu miaka 40. Mwaka 2003 serikali mpya ilichukua jengo na kulifanya mali ya umma. Kisha katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Sura za maraisi zikaondoka, jengo likabaki.

Familia zilizokimbia makwao zinajua uzito wa kiwanja na wa karatasi yake. Kwa hiyo chama chochote kinapoinua gorofa, hapa kwetu ama kwa majirani, ni vizuri kuuliza mapema: kiwanja ni cha nani, na pesa zimetoka wapi? Wakenya walingoja miaka 30 kupata jibu.