UZI: Ahadi za nyumba tangu enzi ya mkoloni, na swali ambalo hatuwaulizi wanasiasa

1/ Kila msimu wa siasa mjadala wa nyumba unarudi. Mmoja anapanda jukwaani anasema "mnaibiwa kwa makato", mwingine anasema "mnapewa ufunguo". Leo sitaji jina la mtu wala chama cha mtu. Nataka tupitie historia pamoja, halafu kila mmoja aamue mwenyewe. Twende polepole.

2/ Nianzie kwetu ndio mjue naongea kutoka wapi. Mzee wangu alikuwa karani serikalini. Miaka ya 80 alichukua mkopo akanunua nyumba ya vyumba vitatu huku Eastlands, Nairobi. Tukajiona tumefika. Kisha ikaja 1993. Riba ya hati za Hazina ilipita asilimia 70, na riba ya mikopo ya watu wa kawaida ikapanda nayo. Mwaka huohuo serikali ikaanza mpango wa kupunguza wafanyakazi wake. Mzee alikuwa mmoja wa walioenda nyumbani. Nilikuwa darasa la sita siku nilipotoka shule nikakuta tangazo la dalali limebandikwa kwenye geti letu. Nitarudi hapo.

3/ Turudi nyuma kabisa. Mkoloni hakutaka Mwafrika awe na nyumba Nairobi. Mji ulikuwa wa Mzungu. Sisi tulihesabiwa kama wapita njia, unafanya kazi, mkataba ukiisha unarudi kwenu mashambani. Pumwani ilitengwa kwa Waafrika lakini ardhi haikuwa yao. Baadaye baraza la mji, reli na waajiri wengine wakajenga mitaa kama Kaloleni na Makongeni. Unaona mpango ulivyokuwa? Nyumba ilifuata kazi. Ukipoteza kazi, unafungasha.

4/ Mwaka 1953 iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba, na 1967, baada ya uhuru, ikageuzwa kuwa Shirika la Kitaifa la Nyumba. Serikali mpya ilikuwa tayari imetoa sera yake ya makao, Waraka wa Bunge Na. 5 wa 1966/67. Sasa mpangaji angeweza kuwa mwenye nyumba kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa Nairobi hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mzazi wa huyo mtu hakuruhusiwa hata kuota hivyo.

5/ Lakini angalia nani aliingia. Ili upate mkopo wa kununua nyumba Buruburu miaka ya 70, ulihitaji mshahara unaoonekana kwenye karatasi. Karani, mwalimu, mfanyakazi wa benki, sawa. Fundi wa Gikomba au mama wa mboga? Hapana. Umoja ilikusudiwa watu wa kipato cha chini kidogo, na bado wengi walioishia kuimiliki walikuwa na uwezo kuliko waliolengwa.

6/ Kisha 1975 ikaja Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hapa wazo lilikuwa tofauti: ploti 6,000. Unapewa ploti yenye maji, mtaro wa majitaka, choo na bafu, na mkopo wa vifaa. Vyumba unajenga mwenyewe kadiri unavyopata pesa. Wengi walijenga, wakalala chumba kimoja na kupangisha vingine, kodi ikalipa deni. Wengine walishindwa wakauza. Dandora ina shida zake, tunazijua wote. Ila ule mpango ulikubali jambo moja ambalo mipango mingi huikataa: maskini hapati pesa kwa utaratibu wa mwisho wa mwezi.

7/ Sasa turuke hadi leo. Ukiwa na mkopo wa nyumba unayoishi, sheria inakuruhusu kutoa riba kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka. Tangu mwisho wa 2024 ni 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Piga hesabu. Anayekatwa ushuru wa asilimia 30 anaokoa hadi 9,000 kila mwezi. Asiye na mkopo wa benki anaokoa sufuri. Na wenye mikopo ya nyumba nchi nzima ni kama 30,000 hivi, katika nchi iliyohesabu watu milioni 47 mwaka 2019.

8/ Kuna nafuu nyingine. Ukinunua nyumba mjini unalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4. Tangu 2018, anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa nyumba nafuu amesamehewa huo. Mwaka huohuo iliundwa kampuni ya kuzikopesha benki na sacco ili nazo zitoe mikopo ya nyumba ya miaka mingi kwa riba ya chini. Hizi ni nafuu za kweli, tusizidharau. Lakini zote zinamngoja mtu ambaye tayari yuko mlangoni.

9/ Halafu yale makato. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 kutoka kwa mwajiri. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba yaliwabagua walioajiriwa rasmi. Machi 2024 ikapitishwa sheria mpya iliyogusa hata mapato ya wasio na ajira rasmi. Kwa hivyo sasa mama mboga naye yuko kwenye orodha ya wanaochangia. Ni haki yake kuuliza kama yuko pia kwenye orodha ya wanaopata.

10/ Na hapa ndipo pale nilipoahidi kurudi. Wanasiasa wote huongea kuhusu siku ya kupewa ufunguo. Nani anaongea kuhusu siku mshahara unakatika? Kwetu hakuna ofisi ya serikali iliyobisha hodi. Aliyetuokoa ni chama, na simaanishi kile cha kura. Ni kile cha mama, akina mama kumi na wawili wa mtaa. Ilipofika zamu ya kila mmoja kupokea, aliiachilia imwendee mama yangu. Sisi tulihamia chumba cha nyuma, watu sita, tukapangisha nyumba yenyewe. Deni liliisha 2003. Jirani yetu wa geti la pili hakuwa na chama. Nyumba yake ilipigwa mnada, na sijawahi kuwaona wale watoto tena.

11/ Kuna kinga zilizokuja baada yetu, na wengi hawazijui. Tangu 2007, Sheria ya Benki, kifungu 44A, inasema mkopo ukishashindikana kulipwa, riba haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Ulibaki na milioni 1? Riba inakoma ikifika milioni 1, ingawa gharama za kudai zinaweza kuongezwa. Kwetu ilichelewa kwa miaka minne.

12/ Sheria ya Ardhi ya 2012 nayo: mkopeshaji lazima akupe ilani ya miezi 3 ulipe, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye ana ilani yake ya siku 45. Nyumba lazima ithaminiwe, na isiuzwe kwa bei ya kutupa. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Ukipata barua, usiifiche chini ya godoro kama mzee wangu. Siku zinahesabiwa.

13/ Na jamii haijakoma. Kambi Moto, Huruma, kuanzia 2003 wakazi wa mabanda walijenga nyumba zao kwa akiba waliyoweka pamoja, kwenye viploti vidogo sana, wakipanda ghorofa pesa ikipatikana. Ni Dandora tena kwa njia nyingine, ila safari hii akiba ya wakazi ndiyo ilitangulia.

14/ Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema makao bora ni haki yako. Basi mgombea akija kwenu na picha za ghorofa, muulize haya matatu. Mtu asiye na hati ya mshahara ataingia vipi? Akikosa kazi miezi sita, mkataba unasemaje? Na vikundi vyetu vya akiba vitapata nini kwenye huo mfuko? Akijibu kwa wimbo na densi, mmepata jibu.

15/ Mama bado anaishi kwenye ile nyumba. Wale akina mama wamebaki saba, na bado wanakutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, sebuleni kwetu. Kama kwenu kuliwahi kubandikwa tangazo la dalali, niambie hapo chini mlitokaje. Nasoma yote.