Mji Uliojengwa Kinamasini

Msomaji, ukisimama leo katikati ya Nairobi, penye majumba marefu na magari tele, si rahisi kuamini kwamba hapo palikuwa kinamasi walikonywesha ng'ombe Wamaasai. Jina lenyewe la mji latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Maji, basi, ndiyo mwenyeji wa kwanza, sisi tuliyakuta.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899. Wahandisi walipapenda kwa kuwa palikuwa tambarare, tena penye maji, kabla njia haijaanza kupanda milima. Hawakukusudia kujenga mji mkuu. Walitaka kituo na karakana. Lakini mahema yalizaa maduka, na maduka yakazaa mitaa isiyo na mitaro. Mwaka 1902 tauni ikazuka, na soko la Wahindi likateketezwa. Wako waganga walioshauri mji uhamishwe, wala hawakusikilizwa.

Likafuata kosa la pili. Wakoloni walijitwalia vilima vya magharibi, ambako maji huteremka upesi. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ubaguzi wa kisheria uliondoka. Umaskini na mteremko wa ardhi vikabaki. Sensa ya 1969 ilihesabu watu wapatao 509,000. Ile ya 2019, zaidi ya 4,390,000. Palipokuwa na majani pakatiwa saruji, na mvua isiyopata pa kuzama hukimbilia bondeni. Aprili 2024 mito ilifurika, ikaua watu Mathare na kwingineko. Kisha serikali ikabomoa nyumba za kando ya mito, na wengi wakakosa makao.

Je, kosa ni la aliyejenga bondeni, au ni la historia iliyomwachia bonde tu? Usijibu upesi. Kumwondoa mtu mtoni bila kumpa mahali pengine ni kumhamishia taabu yake. Na kadiri dunia inavyozidi joto, ndivyo hewa ibebavyo mvuke mwingi na mvua kubwa kuzidi nguvu.

Kwa hiyo usiupime mji kwa urefu wa majumba. Tazama mitaro yake, misitu yake kama Karura, na mahali alalapo mnyonge wake usiku wa gharika. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku utakapokabidhiwa ramani ya mji, uliza kwanza maji yapita wapi.