Nyumba za Kodi Isiyopanda

Fungueni madaftari yenu. Bwana mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: kodi, mpangaji, wakfu. Somo letu la leo ni historia ya nyumba za maskini katika mji wa Augsburg, nchi ya Ujerumani.

Kila aliyepanga chumba anaijua hofu ya mwisho wa mwezi. Kazi ikikatika, au baba akiugua, kodi haingoji. Huuzwa kwanza kitanda, kisha cherehani, na mwisho vyombo hutolewa nje. Hofu hiyo ilikuwako Augsburg pia, miaka 500 iliyopita.

Katika mji huo aliishi tajiri mmoja, jina lake Jakob Fugger. Alizaliwa mwaka 1459, akafa mwaka 1525. Aliuza nguo, akachimbisha shaba na fedha, tena akawakopesha wafalme. Wengi walimlaumu kwa riba na kwa kuishika biashara peke yake. Lakini mwaka 1516 alianza kujenga nyumba za wenyeji maskini, na mwaka 1521 akaandika hati ya kuziweka kwa ajili yao daima. Mahali hapo huitwa Fuggerei.

Hati ilisema hivi. Mpangaji awe mwenyeji wa Augsburg, Mkatoliki, mwenye sifa njema na aliyepungukiwa. Alipe sarafu moja ya gulden kwa mwaka. Kila siku asali sala tatu, kumwombea Fugger na jamaa zake. Waliopokewa walikuwa mafundi na vibarua, watu wafanyao kazi lakini mshahara hautoshi. Kila jamaa ilipata mlango wake. Mmoja wa wapangaji wa karne ya 17 alikuwa mwashi Franz Mozart, baba wa babu yake Mozart, mtungaji mashuhuri wa muziki.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kodi ile haikupandishwa hata leo. Kwa fedha za siku hizi ni senti 88 za Euro kwa mwaka mzima! Gharama ya kupasha nyumba joto, na gharama nyingine, mpangaji hujilipia. Lakini kodi yenyewe ni ile ile.

Pengine utauliza: nyumba hizo hutengenezwa kwa fedha gani? Hapa ndipo penye siri. Fugger hakutoa nyumba tu. Aliweka na mali ya kuzitunza. Baadaye wasimamizi walitia mali hiyo katika misitu. Miti huuzwa, mingine hupandwa, na faida huezeka mapaa. Siku hizi hata wageni wanaokuja kutazama hulipa kiingilio. Faida hutumika, lakini shina halikatwi.

Mwezi wa Februari mwaka 1944, wakati wa vita, mabomu yaliangushwa Augsburg, na sehemu kubwa ya nyumba hizo ikabomoka. Zilijengwa upya, na wapangaji wakarudi kwa kodi ile ile.

Watu wa pwani yetu wanalijua jambo la namna hii. Ndilo wakfu: mtu hutoa nyumba au shamba, lisiuzwe wala lisirithiwe, faida yake iwafae wengine. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba nyingi ziliwekwa wakfu.

Hata hivyo tusisahau upande wa pili. Fuggerei hukaa watu wapatao 150 tu, katika mji wenye watu wengi sana. Ombaomba hawakupokewa tangu mwanzo, wala watu wa dini nyingine. Sadaka humlinda yule aliyefunguliwa mlango. Aliye nje hulindwa na sheria ya haki ya wapangaji, au halindwi kabisa. Kwa hiyo mji wenye busara huhitaji vyote viwili: mkono wa mtoaji na sheria ya wote.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kodi ya Fuggerei haikupanda?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumlipia jirani kodi ya mwezi mmoja na kuweka wakfu?
3. Kama chama chenu kingekuwa na shamba moja, mngelitumiaje kumsaidia mpangaji aliyekwama?