Ukimya wa Kihariri Kinachosema: Emacspeak na Nafasi ya Kiswahili

Historia ya teknolojia ya usemi kwa kawaida husimuliwa kwa kuorodhesha sauti zilizosanisiwa. Kwa mtumiaji asiyeona, historia hiyo hupimwa pia kwa ukimya: kihariri kinachosema kikinyamaza, hata taarifa ya kosa hubaki kwenye skrini asiyoweza kuisoma. Makala haya yanadai kwamba muundo wa Emacspeak ulirahisisha kutafuta chanzo cha ukimya huo, na kwamba muundo huohuo unabainisha mahali Kiswahili kinapokwama.

T. V. Raman, mwanasayansi wa kompyuta asiyeona, aliitoa Emacspeak mwaka 1995, baada ya kuhitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1994. Programu hiyo haikusoma skrini kutoka nje, bali ilifanya kazi ndani ya kihariri cha Emacs. Hivyo ilitambua iwapo mtumiaji yumo katika kalenda au katika msimbo. Utamkaji uliachiwa programu ya pili, yaani seva ya usemi, iliyoandikwa kwa Tcl. Mwanzoni seva ilipeleka matini kwa DECtalk, kifaa kilichotokana na utafiti wa Dennis Klatt. Baadaye visanisi visivyohitaji kifaa maalumu, kama vile eSpeak ya Jonathan Duddington, vilienea.

Mgawanyo huo ndio unaoongoza utatuzi. Kwanza kisanisi hujaribiwa peke yake. Kisiposema, kosa limo ndani yake au katika mfumo wa sauti wa kompyuta. Kikisema, seva huanzishwa nje ya Emacs, na hapo mara nyingi hugundulika kuwa TclX, nyongeza ya Tcl, haikusakinishwa. Seva ikiitika, hukaguliwa DTK_PROGRAM, kigeu kinachoitajia Emacspeak seva ya kutumia.

Kosa la lugha ni la namna nyingine: halileti ukimya, bali sauti potofu. Kisanisi kilichoachwa katika Kiingereza hakiitambui silabi ya kwanza ya *mtu*, wala hakizingatii mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. eSpeak ina kanuni za Kiswahili, hivyo kuchagua lugha hurekebisha mengi. Hata hivyo, tahajia sanifu hutenganisha *ng* na *ng'* kwa alama moja tu. Ikifutwa, *ng'ombe* hupotoka. Aidha, *barabara* ya magari na *barabara* yenye maana ya sawasawa huandikwa vilevile ilhali mkazo hutofautiana. Tatizo hili haliondolewi kwa kubadili mipangilio. Linadai uchanganuzi wa muktadha, na hiyo ni kazi ya wanaisimu.