Laki

Laki ni jina la 100,000 katika Kiswahili, na ni mzao wa mbali wa Kiprakriti, lugha za kale za watu wa kawaida wa India. Kisanskriti kilisema lakṣa, neno lililokuwa pia na maana ya alama. Katika vinywa vya wasemaji wa Kiprakriti kṣ ikalainika, likawa lakkha. Kihindi kikaondoa mkazo wa konsonanti na kurefusha irabu: lākh. Kwa njia hiyohiyo satta, saba ya Kiprakriti, imekuwa sāt. Wafanyabiashara wa Kihindi walilifikisha neno lākh pwani yetu, na Waswahili wakalifunga kwa irabu, kama walivyofanya kwa maneno mengi ya kigeni.

Msuka, kaskazini mwa Pemba, mvuvi akisema amepata laki mbili na elfu tano, kauli moja imebeba koo tatu: laki ya India, elfu ya Uarabuni, mbili na tano za Kibantu. Ukoo wa Kiarabu una umri hapo: mihrabu ya gofu la msikiti wa Msuka Mjini imechorwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1413 au 1414. Waarabu ndio waliotuletea sita, saba na tisa, wakazisukuma kando tandatu, mfungate na kenda. Mfungate haikufa kabisa. Bibi harusi bado anakaa fungate, ingawa wachache hukumbuka kuwa ni siku saba. Hata sifuri, Kiarabu kwa sauti, ni tafsiri ya śūnya ya Wahindi, yaani tupu.

Laki haikusukuma neno lolote kando, ila iliondoa utata. “Elfu mia mbili” sokoni huweza kusikika kama 1,200 au kama 200,000, na mnunuzi mjanja atachagua asikie ipi. “Laki mbili” haina ugomvi.

Huko Malaya ndugu yake, laksa, aliyetoka Kisanskriti moja kwa moja, alishuka thamani hadi 10,000. Kwetu thamani imebaki ileile, lakini ngazi iliyofuata, karoṛ ya Wahindi, haikushika: laki kumi zikitimia, Mswahili hurukia milioni, neno la Wazungu.