Sindano Tano za Yambuku: Viwango vya Uuguzi na Wajibu wa Kuhoji katika Historia ya Kongo

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, aliyepatwa na maradhi huugua, anayemtunza humuuguza, na mwenye kuifanya kazi hiyo kwa ujuzi huitwa muuguzi. Maneno haya yana shina moja, na shina hilo latukumbusha kwamba kazi ya muuguzi huanzia kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa amri ya mkubwa wala kwa daftari la ofisi. Hata hivyo, nchini mwetu kazi hii ilipoingia hospitalini kama kazi ya mshahara, ilifundishwa kwanza kama kazi ya utii. Makala hii fupi inakusudia kuonyesha, kwa mifano mitatu ya ugonjwa wa Ebola, kwamba kiwango cha kazi kisichohojiwa hugeuka mazoea, na kwamba mazoea hayo yaweza kuua. Wahenga walisema: mazoea yana taabu.

2. Muuguzi wa kikoloni

Tangu miaka ya 1920, timu za uganga zilizunguka vijijini kupima na kutibu malale. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi: wa kuandika majina, wa kuchunguza damu kwa hadubini, wa kupiga sindano. Wakongomani walifundishwa kazi hizo, na wengi walizifanya kwa uhodari mkubwa. Lakini uamuzi ulibaki kwa daktari Mzungu. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, nchi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Ilikuwa na wauguzi wengi na matabibu wasaidizi waliozidi 100, ambao baadhi yao walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo ya udaktari.

Mambo mawili yalirithiwa kutoka zama hizo. La kwanza ni desturi ya muuguzi kutimiza agizo bila kuuliza sababu yake. La pili ni imani kubwa ya wananchi katika sindano, iliyoponya buba na malale machoni pao. Mgonjwa aliyeondoka zahanati bila kupigwa sindano alijiona hakutibiwa. Urithi huu wa pande mbili ndio unaotusaidia kuelewa yaliyotokea mwaka 1976.

3. Yambuku, 1976

Hospitali ya misheni ya Yambuku, katika eneo la Bumba, mkoa wa Équateur, ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi 17, wakiwemo watawa Wabelgiji. Watu walitoka mbali kuifuata, kwa kuwa ilikuwa na dawa. Kila asubuhi mabomba matano ya sindano yalitolewa kwa matumizi ya siku nzima: kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa, na kwa wajawazito waliokuja kupimwa. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, sindano ilisuuzwa tu katika maji ya uvuguvugu. Kuchemshwa kulingoja jioni, na si kila siku.

Tarehe 26 Agosti 1976, mwalimu wa shule ya misheni alifika akiwa na homa. Alidhaniwa kuwa na malaria, akapigwa sindano ya klorokini, na homa ikashuka. Siku chache baadaye ilirudi, na tarehe 8 Septemba akafariki. Katika juma la kwanza la Septemba waliugua watu wengine wasiopungua tisa, na wote walikuwa wametibiwa maradhi mengine katika zahanati ileile. Haukupita mwezi tangu kifo cha mwalimu huyo, wafanyakazi 11 kati ya 17 walikuwa wamekufa, na hospitali ikafungwa. Kwa jumla, ugonjwa huo uliopewa baadaye jina la mto Ebola uliwapata watu 318 na kuwaua 280. Walioambukizwa kwa sindano peke yake hawakupona hata mmoja. Wanawake vijana waliumia kuliko wengine, kwa kuwa ndio waliohudhuria kliniki ya wajawazito.

Tusiharakishe kuhukumu. Watawa wale na wauguzi wenzao hawakuwa wavivu wala wenye moyo mgumu. Walibaki na wagonjwa wao hadi wao wenyewe wakaanguka. Kanuni ya kuchemsha sindano haikuwa siri: ilijulikana tangu zamani popote palipofundishwa uuguzi. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama asubuhi moja na kuuliza: mabomba haya matano yawezaje kuwatosha mamia ya watu? Swali hilo halikuhitaji maabara wala shahada. Lilihitaji mazingira ambamo muuguzi ana haki ya kuuliza, na mkubwa wake ana wajibu wa kujibu.

4. Kikwit, 1995

Miaka 19 baadaye, katika mji wa Kikwit, fundi wa maabara alipasuliwa kwa kudhaniwa kwamba utumbo wake umetobolewa na homa ya matumbo. Muda mfupi baadaye, waliomhudumia katika chumba cha upasuaji walianza kuugua. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa amefika Yambuku mwaka 1976 na kuchukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, alitambua mfanano wa mambo. Sampuli zilipelekwa Marekani, na mwezi wa Mei jibu likathibitisha Ebola. Kati ya wagonjwa 315, wapatao 80 walikuwa wahudumu wa afya.

Hapa latokea funzo la pili. Wauguzi wa Kikwit walijua faida ya glavu, lakini glavu hazikuwepo, na maji ya bomba yalikosekana. Vifaa na mafunzo vilipofika, maambukizi miongoni mwao yalipungua sana. Basi kudai viwango bila kutoa vifaa ni kumtwika muuguzi kosa la mwingine. Lakini kukosekana kwa vifaa nako ni jambo la kusemwa na kuandikwa, si la kuzoewa.

Mwezi wa Juni, matabibu wa Kikwit waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba kati yao waliishi. Wengine wangetangaza ushindi papo hapo. Wataalamu walitahadharisha: wagonjwa hao walikuwa wachache, walipewa damu ugonjwa ukiwa umekwisha endelea, na walitunzwa vizuri kuliko wa mwanzo. Tumaini halikukataliwa, lilipimwa. Kutoka kwa mmoja wa walionusurika wa Kikwit ilipatikana, miaka mingi baadaye, kingamwili iitwayo mAb114.

5. Beni na eneo la Kiswahili

Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaenea hadi Ituri, na ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imewaua watu 2,287. Mara hii ilizungumziwa kwa Kiswahili, sokoni na wodini. Mjini Beni, zahanati ndogo za binafsi, baadhi bila kibali, zilikuwa miongoni mwa njia za kuambukiza, na sindano zisizo salama zilishukiwa tena. Yambuku haikuwa imekwisha.

Lakini palikuwa na upande mwingine. Kuanzia Novemba 2018, dawa nne zililinganishwa kwa majaribio yaliyosimamiwa na Wakongomani pamoja na wenzao wa nje. Agosti 2019 ilionekana kwamba dawa iliyoaminiwa zaidi mwanzoni, ZMapp, ilizidiwa na mbili nyingine, mojawapo ikiwa ni mAb114. Bila wauguzi kuandika kwa uaminifu nani alipewa nini, saa ngapi na kwa matokeo gani, ukweli huo usingejulikana.

6. Hitimisho

Kiswahili hutumia neno moja, kupima, kwa joto la mwili, kwa uzito wa mtoto na kwa uzito wa maneno. Shule zetu za uuguzi zimefundisha vema maana mbili za kwanza. Ya tatu ingali yahitaji mahali katika mafunzo: mwanafunzi azoeshwe kuuliza sababu ya agizo, kutaja upungufu bila hofu, na kukubali kuulizwa na mdogo wake. Aliyezoea kutii tu hawezi kuilinda kanuni siku itakapovunjwa na wakubwa. Watu wa Yambuku walilipa gharama ya somo hili. Lililobaki kwetu ni kulifundisha.