Travelling Telescope: Wasee Wanaoleta Nyota Hadi Kwenu

Umewahi ona pete za Saturn live, si kwa simu? Travelling Telescope ni mradi wa Kenya ulioanzishwa na Susan Murabana na bwanake, Chu Owen. Wanabeba darubini hadi mashuleni na vijijini, wanapiga story za anga, halafu watu wanapanga laini kuchungulia. Huhitaji digrii, uliza swali lolote.

Shule nyingi hazina darubini, so kwa mtoi, hiyo dakika moja inaweza kuwa ya kwanza na ya mwisho.

Na tuko na bahati manze: ikweta inapita Kenya, so nyota za kaskazini na za kusini zote tunaziona. Nairobi taa zinazimeza. Ukienda ushago, angalia juu.